Je, Mahindi Nayo ni Nyasi?

Somo la neno moja la Kiingereza: "grass"



Katika ukurasa wetu wa masomo leo tutajifunza neno moja tu. Neno lenyewe ni la Kiingereza, nalo ni "grass". Huenda mmoja wenu akauliza: "Sisi tumejifunza kusoma Kiswahili, neno la Kiingereza la nini tena?" Swali hilo ni zuri. Jibu letu ni kwamba maneno ya Kiingereza yanatufuata hata kijijini. Yamo kwenye chupa za dawa za shamba, kwenye mifuko ya mbegu, kwenye vibao vya mjini na kwenye madaftari ya watoto wetu. Hatukuyaita, lakini yamekuja. Na mgeni aliyekwisha kuingia ndani ya nyumba, ni vema kumjua jina lake na tabia zake.

Tumelichagua neno hili kwa sababu ni fupi, na mtoto wa shule ya msingi analijua. Lakini neno hilohilo, likisomwa nusunusu, linaweza kumaliza shamba zima la mahindi. Tutaona jinsi gani.

MFANO WA KUANZIA

Tuseme yupo mama mmoja mkulima. Ana ekari moja ya mahindi yaliyofika magotini. Mvua imekuwa nzuri, na nyasi nazo zimeota kwa fujo. Vibarua ni ghali. Jirani yake, ambaye amelima maharage, amebakiwa na dawa kidogo kwenye chupa. Anamwambia:

"Chukua hii, mama. Mimi imenisaidia sana. Nyasi zote zimekufa, na maharage yangu hayakuguswa hata shina moja."

Mama anaipokea. Lakini yeye ni mtu mwangalifu, hapendi kutumia kitu asichokijua. Maandishi ya chupa ni ya Kiingereza. Basi anamwita mwanawe wa darasa la saba.

"Hebu nisomee hapa, baba. Wameandika nini?"

"Wameandika 'kills grass', mama."

"Ndiyo nini hiyo?"

"'Kills' ni inaua. 'Grass' ni nyasi. Inaua nyasi."

Mama anafurahi kuona kwamba mtoto shule anaisoma kweli. Anachanganya dawa na maji, anajaza bomba, anapulizia shamba lote. Siku za kwanza haoni kitu. Baada ya wiki moja hivi, nyasi zinaanza kugeuka rangi. Lakini na mahindi nayo yanageuka! Akilishika jani la katikati, lile changa la moyoni, linachomoka lote kwa urahisi, na chini yake limeoza. Wiki ya pili inapokwisha, hakuna tena nyasi, na hakuna tena mahindi.

Je, ni nani aliyekosea? Jirani hakusema uongo: maharage yake ni mazima mpaka leo. Mtoto hakukosea kusoma: "grass" ni nyasi kweli. Na walioandika chupa hawakudanganya. Kosa limejificha ndani ya neno lenyewe. Mama aliposikia "nyasi" alifikiri vile visivyotakiwa shambani. Aliyeandika "grass" kwenye chupa alifikiri ukoo mzima wa nyasi. Na katika ukoo huo, ndugu wasomaji, mahindi yamo.

Sasa tuanze somo letu.

1. JINSI YA KULISOMA NENO

Neno hili lina herufi tano: g, r, a, s, s. Waingereza wengi wa kusini mwa nchi yao huivuta ile "a", kama mtu anayesema "graas". Wale wa kaskazini, na Wamarekani pia, hawaitamki hivyo, lakini maana ni ileile.

Tuwe waangalifu na herufi ya pili. Wengi wetu, kwa sababu ya lugha za nyumbani, tunachanganya "r" na "l". Katika neno hili uchanganyaji huo unaleta matata. Ukiandika "glass" badala ya "grass", umeandika kioo au gilasi. Ukimwambia mwenye duka kwamba unataka dawa ya "glass", huenda akakuletea dawa ya kusafishia vioo.

Jambo jingine. Katika Kiswahili tunaweza kuhesabu: unyasi mmoja, nyasi mbili, nyasi tatu. Kiingereza hakihesabu hivyo. "Grass" ni nyasi kwa ujumla wake, kama sisi tunavyosema maji au mchanga. Wakitaka kutaja unyasi mmoja husema "a blade of grass". Neno hilo "blade" ndilo wanalotumia pia kwa bapa la kisu. Mtu aliyewahi kukatwa kidole na unyasi wakati wa kung'olea anaelewa kwa nini.

Lakini mara nyingine utaliona neno hili limeongezwa mkia: "grasses". Hapo maana yake ni aina mbalimbali za nyasi. Ukiona "grasses" kwenye chupa ya dawa, simama. Hiyo ni lugha ya wataalamu, si lugha ya mtu anayefyeka uwanja wake.

2. NDUGU ZA NENO

Maneno yana ukoo, kama watu. "Grass" ni ndugu wa neno "green", yaani rangi ya kijani, na wa neno "grow", yaani kuota au kukua. Maneno hayo matatu yametoka katika shina moja la zamani sana. Sisi nasi tumefanya vivyo hivyo: rangi ya kijani tumeipata kutoka kwa jani.

Ndugu mwingine ni "graze". Huyu ametoka katika "grass" yenyewe, na maana yake ni mnyama kula nyasi malishoni.

Kiingereza pia hupenda kuunganisha maneno mawili kuwa moja. "Grass" na "land", yaani nchi, hufanya "grassland", ndiyo mbuga au nyika ya nyasi. "Grass" na "hopper", yaani mrukaji, hufanya "grasshopper". Mruka nyasi huyo ni nani? Ni panzi wetu. Hata senene wanaoliwa kwa hamu kule Kagera na Uganda huitwa kwa jina hilohilo, ingawa wataalamu huwaweka senene katika jamii nyingine.

3. UKOO WA NYASI NI MKUBWA

Sasa tumefika penye kiini cha somo. Mtu wa kawaida akisema nyasi anafikiri ukoka wa uwanjani, malisho ya ng'ombe, au nyasi za kuezekea nyumba. Mtaalamu wa mimea akisema nyasi anafikiri ukoo wenye zaidi ya aina 10,000 duniani. Hebu tuwataje baadhi ya wana ukoo huo tunaowafahamu:

Mahindi. Mpunga. Mtama. Uwele. Ulezi. Ngano. Shayiri. Muwa. Mwanzi. Mchaichai tunaoutia kwenye chai. Matete. Majani ya tembo wanayolishwa ng'ombe wa maziwa, ambayo Kenya huitwa nepia.

Mtu atasema: "Haiwezekani! Mwanzi unaezeka nyumba na kufanya ngazi, utakuwaje ndugu wa ukoka?" Lakini ukoo hautazamwi kwa urefu. Katika familia moja yupo mrefu na yupo mfupi. Tazama sura zao.

Leo ukienda shambani fanya jaribio hili. Shika bua la hindi kwa mkono mmoja, na unyasi mrefu kwa mkono mwingine. Angalia mambo matano.

Kwanza, shina. Vyote viwili vina vifundo, yaani pingili kwa pingili. Muwa na mwanzi navyo ni hivyo hivyo. Nyasi nyingi zina uwazi kati ya kifundo na kifundo, ingawa muwa na bua la hindi hujaa ndani.

Pili, jani. Ni refu na jembamba, na mistari yake inakwenda sambamba kutoka mwanzo hadi ncha. Jani la haragwe siyo hivyo. Mistari yake inatawanyika kama matawi ya mti.

Tatu, mahali jani linapoanzia. Sehemu ya chini ya jani imelizunguka shina na kulifunika, kama ala inavyofunika kisu.

Nne, ua. Hakuna ua la rangi la kuwavuta nyuki. Mbelewele ya hindi ni vumbi tu linalopeperushwa na upepo.

Tano, kuota. Haragwe huchomoza na majani mawili yaliyofunguka kama mikono. Hindi huchomoza kama sindano moja. Nyasi zote huota kama sindano.

Ukishaona mambo hayo matano, hutauliza tena kama mahindi ni nyasi.

Tena wapo wanaoujua ukoo huu bila kusoma kitabu. Viwavijeshi wale weusi wanaotembea kwa makundi wanapoingia kijijini, hula mahindi, mpunga, mtama na malisho ya ng'ombe, kisha hupita kando ya maharage na pamba bila kuyagusa. Mdudu yule hajaenda darasani, lakini ukoo wa nyasi anaufahamu vizuri. Na kiduha, lile gugu lenye maua ya kupendeza linalonyonya mizizi ya mahindi, hunyonya pia mtama, ulezi na mpunga wa nchi kavu. Ndiyo maana mkulima aliyepatwa na kiduha kwenye mahindi, akahamia mtama mwaka unaofuata akidhani amebadilisha zao, hajambadilishia kiduha chakula. Amempa ndugu yuleyule. Afadhali apande maharage, karanga au alizeti.

4. WANAOFANANA LAKINI SI WA UKOO

Jina linaweza kudanganya pia kwa upande wa pili. Wapo wanaoitwa "grass" na kumbe si nyasi.

Wa kwanza ni ndago, ile yenye vijinundu chini ya ardhi, inayowatesa wakulima wa mpunga na wa bustani. Kwa Kiingereza huitwa "nut grass". Ukiitazama haraka utasema ni nyasi. Lakini chukua shina lake uliviringishe kati ya vidole viwili. Utasikia pembe tatu. Tena halina vifundo. Nyasi halisi shina lake huwa la mviringo, na lina vifundo. Ndago ni wa ukoo mwingine, ambao kwenye chupa za dawa huandikwa "sedges". Kwa hiyo dawa inayoua nyasi tu inaweza kuiacha ndago ikicheka.

Wa pili ni kitunguu. Majani yake ni membamba na marefu, lakini si nyasi.

Kwa hiyo kipimo si wembamba wa jani peke yake. Angalia na vifundo, angalia na ala ya jani.

5. NYASI SI LAZIMA ZIWE MAGUGU

Katika mazungumzo ya kila siku tunasema: "Shamba langu limejaa nyasi," au "limejaa majani." Tunamaanisha magugu. Mazungumzoni hakuna neno, tunaelewana. Lakini Kiingereza kina maneno mawili hapa, na ni lazima tuyatenge.

"Grass" ni nyasi. "Weed" ni gugu, au kwekwe.

"Grass" ni jina la ukoo. Ukizaliwa humo umezaliwa humo, uwe unatakiwa au hutakiwi. "Weed" ni jina la kosa, nalo kosa lenyewe ni kuota mahali usipotakiwa. Hindi lililojiotea katikati ya bustani ya nyanya ni gugu. Ukoka katika shamba la mahindi ni gugu, lakini ukoka huohuo uwanjani kwa ng'ombe ni chakula. Mbigili ni gugu, lakini si nyasi. Mpunga mwitu ni nyasi na ni gugu. Mpunga wa kupandwa ni nyasi na ni zao.

Hapa ndipo palilizi inapokuwa ngumu. Mkulima wa ulezi anajua taabu ya kuutenga ulezi na ule ulezi mwitu unaofanana nao. Mkulima wa mpunga naye anajua taabu ya mpunga mwitu. Gugu na zao ni ndugu wa ukoo mmoja, sura moja. Na dawa haina macho. Jicho la mkulima na mkono wake vinaweza kutenga ndugu wawili. Dawa inatazama ukoo tu.

6. MANENO YA KWENYE CHUPA

Sasa turudi kwenye ile chupa ya mama. Haya ndiyo maneno anayopaswa kuyajua mtu yeyote anayenunua dawa ya magugu. Yaandike kwenye daftari lako.

"Grass weeds" – maana yake ni magugu ya ukoo wa nyasi.
"Broadleaf weeds" – maana yake ni magugu yenye majani mapana.
"Sedges" – maana yake ni ukoo wa ndago.
"Crop" – maana yake ni zao. Baada ya neno hili hutajwa mazao yanayoweza kupuliziwa dawa hiyo bila kufa.
"Selective" – maana yake ni dawa inayochagua. Inaua ukoo mmoja na kuuacha mwingine.
"Non-selective" – maana yake ni dawa isiyochagua. Inaua karibu kila mmea wenye kijani.

Kwa maneno hayo tunaweza kuzipanga dawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni dawa zinazoua nyasi na kuacha majani mapana. Mfano ni dawa iitwayo fluazifop. Hii ni ya shamba la maharage, karanga, pamba na mengine ya majani mapana. Ukiipeleka kwenye mahindi au mpunga, umeua zao lako. Dawa ya mfano wetu, ile ya jirani, ni ya fungu hili.

Fungu la pili ni kinyume chake. Zinaua majani mapana na kuacha nyasi. Mfano ni 2,4-D, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1940. Hii hutumika kwenye mahindi, ngano na mpunga. Ukiipeleka kwenye maharage, pamba au nyanya, utalia. Pamba inaichukia sana: hata mabaki yaliyosalia ndani ya bomba lisilooshwa vizuri yanaweza kuikunja majani.

Fungu la tatu ni zisizochagua. Mfano ni glifosati, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974. Hii husafishia shamba kabla ya kupanda. Ikidondokea zao la kawaida, nalo linakufa.

Je, yule aliyechanganya mahindi na maharage shamba moja, kama wengi wetu tunavyofanya? Afikiri mwenyewe. Akileta dawa ya fungu la kwanza, mahindi yanakufa. Akileta ya fungu la pili, maharage yanakufa. Akileta ya tatu, vyote vinakufa. Magugu yakishaota katikati ya mchanganyiko kama huo, jembe bado ndilo linalojua kuchagua. Zipo dawa nyingine za kupulizia kabla mimea haijaota, lakini hizo usianze nazo bila kumwona bwana shamba au bibi shamba, yaani afisa ugani wa eneo lako.

Ukiwa na chupa mkononi, jiulize maswali matatu kabla hujafungua kizibo:

Dawa hii inaua ukoo gani?
Zao langu ni la ukoo gani?
Je, zao langu limetajwa kwa jina kwenye chupa?

Kama zao lako halikutajwa, usipulizie. Usiridhike na "inaua nyasi" wala "inaua magugu". Kama kuna maandishi ya Kiswahili, yasome yote, siyo mstari mmoja. Kama hayapo, mpe mtu asome mpaka mwisho, siyo neno moja. Na dawa iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda au ya maji isiyo na maandishi, usiipokee kabisa, hata akikupa ndugu yako.

Mwisho, tazama ukanda wa rangi chini ya karatasi ya chupa. Nyekundu ni sumu kali sana. Njano ni hatari. Buluu inataka uangalifu. Kijani ni yenye ukali mdogo kuliko hizo, lakini hiyo siyo ruhusa ya kuichezea. Tumezoea kusema "dawa", lakini tusisahau kwamba ni sumu.

7. MAANA NYINGINE ZA NENO HILI

Neno "grass" lina matumizi mengine nje ya shamba. Tuyapitie kwa ufupi.

(a) Kibao cha mjini. Kwenye bustani au mbele ya ofisi unaweza kuona kibao: "Keep off the grass." Maana yake: usikanyage nyasi. Hapo "grass" ni ukoka uliopandwa kwa ajili ya urembo. Mtu asiyejua anapita katikati kama anavyopita njia ya malishoni kwao, kisha anashangaa askari anampigia kelele.

(b) Bangi. Katika lugha ya mitaani ya Kiingereza, hasa tangu Wamarekani vijana wa miaka ya 1960, "grass" ni bangi. "Weed" nalo hutumika hivyo hivyo. Sisi nasi tunayo desturi hiyo. Wapo wanaoiita bangi "majani". Hili si la kuchekwa. Kijana wetu akienda mjini kutafuta kazi ya hoteli au ya kuongoza wageni, mgeni akamnong'oneza kwamba anatafuta "grass", asidhani mgeni ana ng'ombe. Bangi imekatazwa na sheria Tanzania na Kenya, na kifungo chake si cha mchezo. Afadhali kijana alijue neno hilo mapema ili ajue pa kukataa.

(c) Mtoa siri. Huko Uingereza, hasa katika lugha ya wahalifu, "grass" ni mtu anayewachongea wenzake kwa polisi. Utalikuta kwenye filamu na kwenye vitabu vya hadithi. Ukilisoma hapo kama nyasi, hadithi nzima itakupotea.

(d) Ngazi ya chini. "Grass roots" maana yake hasa ni mizizi ya nyasi. Lakini katika hotuba na taarifa za miradi, maana yake ni watu wa kawaida, wa ngazi ya chini kabisa: wewe na mimi, kitongoji na kijiji. Sisi tunasema "mashinani" au "ngazi ya mashina", kwa mfano wa mti. Kiingereza kimechagua mfano wa nyasi. Siyo mfano mbaya. Nyasi huliwa na ng'ombe leo, wiki ijayo zimeota tena, kwa sababu pale zinapokulia ni chini kabisa, karibu na udongo, mahali meno ya ng'ombe hayafiki. Tena mizizi yake ndiyo inayoushika udongo usichukuliwe na mvua. Kwa hiyo mradi ukija kijijini ukasema ni wa "grass roots", mnayo haki ya kuuliza: je, sisi mizizi tumeulizwa?

TUMEJIFUNZA NINI?

Tumeona kwamba neno moja linaweza kuwa jembamba kwa mmoja na pana kwa mwingine. Kwetu sisi, mahindi ni chakula na nyasi ni adui wa chakula. Kwa mwandishi wa chupa, mahindi ni nyasi tunayoila. Wote wawili wanasema kweli, lakini wasipoulizana, shamba linateketea.

Yule mtoto wa darasa la saba alimsomea mama yake vizuri. Tusimlaumu, wala tusiache kuwaita watoto watusomee. Ila tukishasomewa neno, tuongeze swali moja: "Hapa wana maana gani?" Mtoto asipojua, mwulize mwalimu wake. Mwalimu asipojua, mwulize afisa ugani. Kuuliza hakuli mbegu wala mbolea.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja mazao matano ya kijiji chenu yaliyo ya ukoo wa nyasi, na matano yasiyo ya ukoo huo.

2. Leteni ndago moja na unyasi mmoja. Kila mwanakikundi aviringishe shina kwa vidole. Mmeona tofauti gani?

3. Katika kijiji chenu, "nyasi", "majani", "ukoka" na "magugu" ni kitu kimoja au ni vitu tofauti? Lugha zenu za nyumbani zinavitengaje?

4. Mkulima alipata kiduha kwenye mahindi. Mwaka wa pili akapanda mtama. Mwaka wa tatu akapanda karanga. Ni mwaka upi aliomnyima kiduha chakula, na kwa nini?

5. Jirani anakupa dawa iliyobaki. Anasema imeua majani mapana yote katika mpunga wake. Wewe una shamba la pamba. Utamjibu nini?

6. Mwenye chupa ya dawa ya magugu nyumbani aandike kwenye daftari maneno yote ya chupa hiyo asiyoyajua, ayalete kwenye kikundi. Chupa yenyewe aiache mahali pake, mbali na watoto na mbali na chakula. Someni maneno hayo pamoja, moja baada ya jingine, mpaka mwisho.